Mwandishi Mkubwa, Lakini Maandishi Yake Hatuyapendi: Tufanyeje?



Somo letu la leo linahusu jambo ambalo wengi wetu limetupata, lakini tunaona haya kulisema. Mtu anapewa kitabu. Anaambiwa, "Hiki kimeandikwa na mwandishi mkubwa, anajulikana dunia nzima." Anakaa nacho kibarazani, anasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tano. Hakipendi. Anachoka. Pengine anakasirika kabisa, anakifunga. Kisha anajiuliza: Je, kosa ni langu au ni la mwandishi?

Katika kikundi chetu cha kusoma yuko mama mmoja ambaye tulimaliza naye madarasa ya kisomo. Yeye ndiye mweka hazina wa kikundi cha akina mama. Daftari la mapato na matumizi analiandika mwenyewe, na barua anazisoma bila kuomba msaada wa mtu. Siku moja aliazima riwaya. Baada ya juma moja akairudisha. Akasema, "Jamani, kumbe kusoma bado sijui. Kitabu hiki kila mtu anakisifu, mimi kimenichukiza." Tangu siku ile hakuazima kitabu kingine kwa miezi mingi. Jina la kitabu hatulitaji, maana hatukuja hapa kumshitaki mtu.

Tazameni hasara hiyo! Mtu amehangaika usiku kwa taa ya chemli mpaka akajua kusoma, halafu anarudi nyuma kwa sababu ya kitabu kimoja tu. Ndiyo maana tumeona jambo hili tulifanye somo.

Tunataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza: kutoyapenda maandishi ya mwandishi mkubwa si ujinga. Watu wenye elimu kubwa, hata waandishi wenyewe, wamewachukia waandishi wenzao. La pili: chuki hiyo haitusaidii kitu kama hatuwezi kueleza sababu yake. Tutaona mifano mitatu. Miwili ni ya mbali, wa tatu ni wa kwetu.

Mfano wa kwanza: Tolstoy na Shakespeare

William Shakespeare alikuwa Mwingereza. Alizaliwa mwaka 1564, akafa mwaka 1616. Aliandika michezo ya kuigiza ambayo imetafsiriwa katika lugha nyingi duniani. Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri miwili kwa Kiswahili. Tafsiri yake ya mchezo wa Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, na "Mabepari wa Venisi" ilitoka mwaka 1969.

Leo Tolstoy alikuwa Mrusi, aliyezaliwa mwaka 1828. Naye ni mwandishi mkubwa kweli kweli. Riwaya yake iitwayo "Vita na Amani" inahesabiwa kuwa miongoni mwa riwaya bora duniani. Basi, mzee huyu hakumpenda Shakespeare hata kidogo.

Lakini hakukurupuka. Katika maisha yake alimsoma Shakespeare mara nyingi, kwa Kirusi, kwa Kiingereza na kwa Kijerumani. Kila mara alidhani labda kosa ni lake. Alipofika umri wa miaka 75 hivi, akaisoma tena michezo yote ili ajihakikishie. Majibu yakawa yale yale: hakuipenda. Ndipo akaandika makala ndefu, ambayo ilichapishwa mwaka 1906.

Katika makala hiyo alichukua mchezo mmoja, wa Mfalme Lear, akauchambua sehemu kwa sehemu. Mchezo wenyewe ni hivi. Mfalme mzee anagawa ufalme wake kwa binti zake angali hai. Mabinti wawili wanamsifu kwa maneno matamu, nao wanapata. Wa tatu anakataa kujipendekeza, anafukuzwa mikono mitupu. Baadaye wale wawili wanamgeuka baba yao, naye anatangatanga nje usiku katika mvua na dhoruba.

Tolstoy alitoa sababu zake. Alisema watu wote katika mchezo ule wanazungumza lugha moja ya madoido, hata huwezi kumtambua mtu kwa usemi wake. Alisema matendo yao hayana sababu za kuaminika. Alisema pia kwamba Shakespeare anawadharau watu wa kazi. Na kuhusu sifa zote za Shakespeare, alisema ni kama ugonjwa wa kuambukiza: huyu anasifu kwa kuwa yule kasifu.

Mwaka 1947 mwandishi wa Kiingereza, George Orwell, alimjibu. Alisema, tazameni maisha ya Tolstoy mwenyewe. Yeye naye uzeeni aliacha ardhi yake na mali yake, akitumaini kupata utulivu. Utulivu hakuupata. Mwaka 1910, akiwa na miaka 82, alitoroka nyumbani usiku, akaugua njiani, akafia katika kituo kidogo cha garimoshi. Orwell alidhani kwamba labda mchezo ule ulimchukiza Tolstoy kwa sababu uligusa kidonda chake. Mzee aliyeacha mali hakupenda kusoma habari za mzee aliyeacha mali akajuta.

Orwell alisema na jambo jingine. Hakuna hoja inayoweza kuthibitisha kwamba mwandishi ni mzuri au mbaya. Kipimo ni kimoja tu: je, baada ya miaka mingi watu bado wanamsoma?

Hapa tunajifunza mawili. Tolstoy alisoma kwanza, akakataa baadaye, na akataja sababu. Hilo ni jema. Lakini pia, mara nyingine kitabu kinatuudhi kwa kuwa kimetusema sisi wenyewe. Hilo nalo tulichunguze kabla ya kumlaumu mwandishi.

Mfano wa pili: Achebe na Conrad

Joseph Conrad alizaliwa mwaka 1857 katika familia ya Wapolandi. Akawa baharia, kisha mwandishi katika lugha ya Kiingereza. Mwaka 1890 alikwenda Kongo, akafanya kazi katika meli ya mtoni. Wakati ule Kongo ilikuwa chini ya Leopold wa Pili, Mfalme wa Ubelgiji, na wananchi walikuwa wakiteswa ili watoe pembe za ndovu na mpira. Conrad aliandika hadithi kutokana na safari ile, ikatoka gazetini mwaka 1899. Inaitwa Heart of Darkness, yaani Moyo wa Giza. Kwa miaka mingi vyuo vya Ulaya na Marekani vimeifundisha kama mfano wa uandishi bora.

Chinua Achebe wa Nigeria tunamfahamu. Riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1958, ilitafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 1973 kwa jina la "Shujaa Okonkwo". Mwezi wa Februari, 1975, Achebe alisimama mbele ya watu katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, akasema wazi kwamba Conrad alikuwa mbaguzi wa rangi. Baadhi ya waliokuwepo walikasirika. Hivi, nani huyu anayethubutu kumsema mwandishi mkubwa namna hii?

Lakini Achebe alikuwa na ushahidi, na ushahidi huo aliutoa ndani ya kitabu chenyewe. Alisema: tazameni Waafrika walio katika hadithi hii. Wanapiga kelele, wanaruka, wanakufa chini ya miti, lakini karibu hawasemi neno. Mara chache wanapofunguliwa midomo, wanapewa maneno machache ya Kiingereza kibovu. Hawana majina, hawana fikira. Afrika nzima imefanywa kuwa pazia la nyuma tu, ili Mzungu mmoja apate mahali pa kuharibikiwa akili. Je, kitabu kinachowanyima watu utu wao kiitwe kazi kubwa ya sanaa?

Wako waliomtetea Conrad. Walisema hadithi ile ile inalaani unyang'anyi uliofanyika Kongo, na msimulizi wa hadithi si Conrad mwenyewe. Ubishi huu haujaisha mpaka leo. Siku hizi, mahali pengi Conrad anapofundishwa, maneno ya Achebe husomwa pamoja naye. Kwa hiyo chuki yenye hoja haikukiondoa kitabu, ila imebadilisha namna ya kukisoma.

Angalieni pia kwamba Achebe hakusema Conrad hajui kuandika. Ufundi wake wa lugha aliukubali. Wazee wetu walisema, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Msomaji mzuri anaweza kusema: huyu anajua kuandika, lakini alichoandika kinanidhulumu.

Mfano wa tatu: Kezilahabi hapa kwetu

Sasa turudi nyumbani. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akafariki Januari, 2020. Leo ni mmoja wa waandishi wanaoheshimiwa sana katika Kiswahili. Lakini heshima hiyo haikuja bila vita. Tena alipigana vita viwili.

Vita vya kwanza vilihusu habari aliyoiandika. Mwaka 1971 ilitoka riwaya yake "Rosa Mistika". Ni hadithi ya msichana aliyelelewa na baba mkali, asiyeruhusiwa hata kuzungumza na mvulana. Alipokwenda shule ya mbali, kamba ikakatika. Akaingia katika uhusiano na wanaume, na mwisho wake ukawa mchungu. Kezilahabi hakuficha mambo. Watu wengi walichukia. Walisema kitabu hiki kitawaharibu mabinti. Kikapigwa marufuku mashuleni. Wengine walisema la, kitabu hakifundishi uhuni. Kinawaonya wazazi kwamba ukali bila mafundisho haumlindi mtoto. Baada ya muda marufuku iliondolewa, na kitabu kikaja kusomwa katika madarasa ya juu.

Je, wale waliochukia walikuwa wajinga? Hapana. Mzazi ana haki ya kuogopa kwa ajili ya mwanawe. Lakini hapana shaka wako waliopinga kwa kusikia tu, "eti kitabu kile kina mambo mabaya," bila kukifungua. Mtu wa namna hiyo hapingi kitabu, anapinga uvumi.

Vita vya pili vilihusu umbo. Shairi la Kiswahili tulilozoea lina vina na mizani. Vina ni sauti zinazofanana katikati na mwisho wa mistari. Mizani ni hesabu ya silabi. Tazameni mistari hii miwili tuliyoitunga kwa ajili ya somo hili:

Kitabu nimekisoma, usiku kucha silali,
Kila neno nalipima, kabla sijalikubali.

Hesabuni silabi. Kila kipande kina silabi 8, na kila mstari una 16. Vina vya kati ni "ma", vya mwisho ni "li". Sheikh Kaluta Amri Abedi alizieleza kanuni hizi katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka 1954, na watunzi wengi walizifuata.

Mwaka 1974 Kezilahabi akatoa diwani iitwayo "Kichomi". Mashairi yake mengi hayakuwa na vina wala mizani ya kuhesabika. Yaliandikwa karibu na mazungumzo ya kawaida. Bwana we, ulizuka mgogoro! Watunzi wa jadi walisema haya si mashairi, bali ni mazungumzo yaliyokatwa vipande vipande. Walisema ni kuiga Wazungu na kuitupa mali ya mababu. Upande wa pili ulijibu kwamba vina na mizani ni vazi tu, na shairi lenyewe ni fikira na hisia. Walisema pia kwamba makabila yetu mengi yana nyimbo za kale zisizohesabiwa silabi, nazo si za Kizungu.

Nani alishinda? Sisi tunasema ushairi wenyewe ndio uliopata faida. Wale wa jadi ilibidi waeleze kwa nini vina na mizani vina thamani. Wale wa mashairi huru ilibidi waonyeshe kwamba kutunga bila vina si uvivu. Leo vitabu vya fasihi vinataja mashairi ya aina zote mbili. Mwanafunzi anayasoma yote, na anayo ruhusa ya kupenda moja kuliko jingine.

Naye Kezilahabi hakuacha kuwasumbua wasomaji. Riwaya zake "Nagona" ya mwaka 1990 na "Mzingile" ya mwaka 1991 ni vitabu vyembamba, lakini ni vigumu. Hadithi haiendi moja kwa moja kama tulivyozoea. Wako wasomi wanaozisifu sana. Wako pia wasomi waliozisoma wakakuna vichwa. Kwa hiyo nawe ukikuna kichwa, ujue huko peke yako.

Tujiulize: ni kitu gani hasa hatukipendi?

Kutokana na mifano hii tunaona kwamba "sikipendi" ni neno moja lenye maana nyingi. Ni kama kumwambia mganga wa zahanati, "Naumwa." Atauliza, unaumwa wapi? Basi nasi tujiulize:

1. Je, ni lugha iliyonishinda? Kama ndiyo, hiyo si chuki, ni ugumu. Dawa yake ni kamusi, kusoma kwa sauti, na kusoma wawili wawili.

2. Je, ni umbo lisilozoeleka? Chakula kigeni hakitiwi hukumu kwa tonge moja. Tusome kidogo zaidi, kisha tuamue.

3. Je, ni habari yenyewe inayoniudhi? Tuulize kama mwandishi anaisifu au anaionya. Kuonyesha ubaya si sawa na kuusifu.

4. Je, ni jinsi anavyowaona watu? Tutafute nani anapewa nafasi ya kusema, nani ananyamazishwa, nani anachekwa. Hii ndiyo njia ya Achebe.

5. Je, kitabu kimegusa kidonda changu? Swali hili ni gumu, na mtu hulijibu mwenyewe akiwa peke yake.

Namna ya kufanya katika kikundi

Kwanza, tusome angalau sura mbili kabla ya kutoa hukumu. Asiyesoma asikilize tu, asipige kura.

Pili, kila mtu aweke kipande cha karatasi penye ukurasa uliomuudhi. Wakati wa mjadala asiseme "kitabu kibaya." Aseme, "Ukurasa huu, mstari huu, kwa sababu hii."

Tatu, tumtafute mtu anayekipenda kitabu hicho, tumsikilize mpaka amalize. Asidharauliwe, na yeye asitudharau.

Nne, tuandike hukumu yetu katika daftari pamoja na tarehe. Baada ya mwaka mmoja au miwili tuisome tena. Pengine tutabaki pale pale kama Tolstoy. Pengine tutabadilika.

Tano, kama baada ya yote hayo hatukipendi, tukirudishe kwa amani, tuazime kingine. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu mzima kumaliza kitabu kisichompendeza. Maisha ni mafupi na shamba linangoja.

Yule mama wetu

Tulifanya hivyo na yule mama. Tulikiazima tena kitabu kile, tukakisoma naye kwa sauti, jioni tatu mfululizo. Kumbe kusoma hakukumshinda! Alisoma bila kukwama. Tulipomuuliza hasa ni nini kilichomchukiza, alifikiri, kisha akaweka vipande vitano vya karatasi. Akasema, "Tazameni. Kila mwanamke wa kijijini humu ndani ni wa kuchekwa. Hajui hesabu, hajui kitu. Mimi naweka hesabu za watu 30."

Mwenzetu mmoja akambishia. Akafungua ukurasa mwingine, akaonyesha bibi kizee aliyemzidi akili karani. Mama akausoma ukurasa ule mara mbili. Akasema, "Huyo mmoja nampokea. Waliobaki bado wananiudhi." Walibishana mpaka giza likaingia, na ikabidi tuwashe taa.

Mpaka leo kitabu kile hakipendi. Lakini jioni ile ile aliondoka na kitabu kingine mkononi, na tangu hapo hajasema tena kwamba kusoma hajui.

Maswali ya kujadiliana

1. Tolstoy alisema sifa za mwandishi zinaweza kuenea kama ugonjwa wa kuambukiza. Je, mmewahi kusifu kitu kwa sababu wengine wanakisifu?
2. Achebe alitoa ushahidi gani dhidi ya kitabu cha Conrad?
3. "Rosa Mistika" ilipigwa marufuku mashuleni, kisha ikaruhusiwa. Mngekuwa katika kamati ya shule wakati ule, mngeamua nini? Toeni sababu.
4. Tungeni mistari miwili yenye silabi 16 kila mmoja. Kisha semeni wazo lile lile bila vina wala mizani. Ipi inawapendeza zaidi? Kwa nini?
5. Kila mmoja ataje kitabu au makala asiyoipenda, aonyeshe ukurasa, na aeleze sababu moja.

Maana ya maneno

diwani: kitabu cha mashairi
kukurupuka: kufanya jambo kwa haraka bila kufikiri
madoido: mapambo ya ziada
marufuku: jambo lililokatazwa
mbaguzi: mtu anayewatenga wengine, kwa mfano kwa sababu ya rangi yao
mgogoro: ugomvi wa mawazo unaochukua muda
msimulizi: mtu anayesimulia hadithi ndani ya kitabu